Mfereji wa Ansgar

Jelagat alipopelekwa kumtunza Mama Dorothea, mwezi wa nne mwaka wa 2006, wakala wa kazi alimwonya mambo mawili: kwamba mgonjwa hasemi, na kwamba mgonjwa ni mkaidi. Hilo la ukaidi lilikuwa kweli tupu. Lile la kutosema halikuwa kweli. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia na kumpinda mdomo kidogo, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Hakusema kwa sababu hakuona la kusema wala wa kumwambia.

Alikuwa bibi wa miaka themanini na miwili, mwembamba, mwenye macho ya samawati yaliyokuwa yakikutazama mpaka ukaangalia pembeni. Aliishi Germantown, Maryland, kwa mwanawe wa pekee, Ethan, katika nyumba mojawapo kati ya zile zilizobanana kwa safu kama mabehewa ya treni, kila moja na ua wake mdogo nyuma. Ethan alikuwa ameachana na mkewe. Alidamka alfajiri kuwahi treni ya kwenda kazini Washington, akarudi jioni akiwa hoi. Kutwa nzima nyumba ilikuwa ya wanawake wawili: mmoja kakaa dirishani na mpira wa mazoezi ambao hakutaka kuukamua, mwingine anapika supu ambayo hainywewi.

Jelagat alimwita Mama Dorothea. Bibi mwenyewe alikuwa ametikisa kichwa, akataka aitwe Dorothea tu, lakini mtu aliyelingana na mama yako utamwitaje jina kavu hivyo? Ulimi wa Jelagat ulikataa. Yeye alikuwa mtu wa Sibou, katika Bonde la Kerio kule Kenya, chini ya ule ukuta wa mlima ambao Wamarakwet wameishi nao tangu zamani. Alikuja Marekani na binti yake Jeptoo akiwa bado mdogo. Sasa Jeptoo alikuwa na miaka kumi na mitano, na ukimwambia jambo kwa Kiswahili anakuelewa vizuri sana, kisha anakujibu kwa Kiingereza.

Wiki za kwanza zilipita hivyo, kimya. Kisha ikaja mvua.

Ilinyesha usiku kucha na asubuhi yake. Ilipokatika, Jelagat alichungulia nyuma akaona maji yamejaa kwenye ukuta wa nyumba, yanataka kuingia ghala la chini. Upande wa pili, maua aliyoyapanda Ethan yalikuwa kwenye mwinuko, makavu kama hayajaonja tone. Jelagat hakufikiri sana. Alichukua kijembe kidogo cha bustani, akapiga magoti, akaanza kuyachimbia maji njia. Yakasita, yakazunguka, yakaanza kutembea.

Kioo cha mlango kikagongwa. Akageuka. Mama Dorothea alikuwa amejivuta na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anausukuma mlango.

"Umeyapa mteremko mkali," alisema. "Yatakula udongo."

Jelagat alibaki na kijembe mkononi. "Umesemaje, Mama?"

"Nimesema mteremko ni mkali. Yapitishe kwa ubavu, yashuke kama punda anavyoshuka mlima. Huoni yanavyokuwa mekundu? Huo ni udongo wako unaondoka."

Jelagat akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Hayo yalikuwa maneno ya baba yake. Hakuwa ameambiwa yeye; walikuwa wanaambiwa kaka zake, naye akiwa jikoni anasikiliza.

"Nani alikufundisha kuchimba mfereji?" bibi akauliza.

"Hakuna. Kwetu wasichana hawafundishwi. Niliiba kwa macho."

"Mimi nilifundishwa," alisema Mama Dorothea, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Nilifundishwa na baba, juu ya farasi. Nileteeni koti."

Hakukuwa na mwingine wa kumletea ila Jelagat, lakini alilileta mbio.

*

Mama Dorothea alizaliwa Ansgar, mji mdogo katika bonde la milima ya Colorado. Watu walioishi humo kwanza ni Wayuti, ambao walipandisha farasi wao malishoni kila kiangazi na kuteremka theluji ikikaribia. Kisha ikapatikana fedha ndani ya mlima, na serikali ikawafukuza Wayuti kwa bunduki. Babu yake Dorothea alifika baada ya hapo.

"Alipenda kutuambia kwamba alikuta bonde tupu," alisema. "Halikuwa tupu. Lilikuwa limefanywa tupu. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaona tofauti."

Mji ulijengwa haraka, mahali pabaya. Mwaka mmoja theluji iliporomoka kutoka mlimani ikafukia safu nzima ya nyumba za wachimba migodi, na waliosalia wakauhamishia mji ng'ambo ya mto. Reli ikaja. Fedha ikashuka bei, migodi ikafungwa, nusu ya watu wakapanda treni ileile iliyowaleta. Waliobaki ni wale wenye kichwa kigumu, akina babu yake. Wao walichimba mfereji. Waliutoa mtoni juu kabisa, kwenye miamba, wakaupitisha ubavuni mwa mlima kwa baruti na nyumbu wa kubeba mizigo, mpaka ukafika kwenye uwanda uliokuwa haujui maji. Wakalima viazi na nyasi za mifugo. Baba yake Dorothea alikuwa ndiye mlinzi wa mfereji: alipanda farasi kila asubuhi ya kiangazi kukagua wapi panavuja, nani kafungua lango lake kabla ya zamu, panya buku gani katoboa ukingo.

Hayo yote hakuyasimulia kwa siku moja. Aliyasimulia mwezi wa tano, wa sita na wa saba, nje, na aliyasimulia kwa udongo. Mwanzo alikuwa kitini, akielekeza kwa fimbo: hapa mlima, pandisha zaidi; hapo mto, zungusha. Jelagat akawa anachimba na kujaza. Halafu bibi akachoka kuelekeza mtu asiyepata umbo sawasawa, akaomba ateremshwe chini. Jelagat akamtandikia shuka la plastiki, akamkalisha, na ule mkono wa kulia uliokuwa haukamui mpira ukaanza kufinyanga milima. Vidole vilikuwa vizito, vinadondosha. Aliviapiza, akarudia. Kufikia mwezi wa saba aliweza kushika jiwe na kuliweka palepale alipotaka.

Jumamosi Jeptoo alikuwa anakuja na mama yake, kwa sababu hakuachwa peke yake nyumbani. Mwanzo alikaa ngazini na simu yake. Kisha akawa anaokota changarawe kwa ajili ya reli. Kisha akachukia mtu akiigusa reli yake.

Jelagat naye alisimulia. Alieleza jinsi mito inavyoruka kutoka juu ya ukuta wa Marakwet, na jinsi mababu walivyoining'iniza mifereji kwenye majabali kwa magogo na mawe na nyasi, mpaka maji yakafika kwenye mashamba ya wimbi na mtama huko chini kwenye joto. Kila ukoo na zamu yake, na wazee wa kuamua ugomvi.

"Na lango la juu, pale maji yanapotoka mtoni, pakoje?" Mama Dorothea aliuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Si ni kwenu?"

"Mwanamke hafiki pale, Mama. Ni mwiko. Nilikuwa nakunywa yale maji, nayachota, naosha nayo vyombo, lakini kichwa chake sijawahi kukiona."

Mama Dorothea alilisawazisha lango lake dogo la mbao alilolitengeneza kwa vijiti vya aiskrimu. "Basi njoo huku upande wangu," alisema. "Nitakuonyesha langu."

*

Mwanamume wa chama cha wenye nyumba alipita mwezi wa nane. Alikuwa mpole. Alisema kanuni za mtaa zinataka nyasi, na kwamba hiki, hakujua akiiteje, kiondolewe kabla ya baridi. Aliondoka akigeuka geuka kutazama.

Mtu huyo ndiye aliyempigia Ethan simu kazini, na siku hiyo Ethan akarudi kabla ya wakati wake. Alipotokea mlango wa nyuma, ambao kwa miezi hakuwa ameufungua, alimkuta mama yake kakaa chini, gauni limeloa, matope mpaka kwenye viwiko.

"Nani amemkalisha mama chini?"

"Amejikalisha mwenyewe," alisema Jelagat. "Mimi nilimshika tu."

Ethan hakuwa mtu wa kufoka, na hata sasa alilegeza tai kwanza. "Jelagat, nilikuajiri umtunze mama yangu. Sikukuajiri mcheze matope. Akianguka je? Akipata homa ya mapafu?"

Jelagat alikuwa na majibu tele, lakini aliyameza. Aliiona kazi ikimponyoka, akaanza kukusanya vijembe.

"Viache," alisema Mama Dorothea. "Ethan, kaa."

"Mama, nimevaa suti."

"Basi chuchumaa."

Ethan alichuchumaa. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika miaka hiyo yote alichojua kuhusu utoto wa mama yake ni kwamba ulikuwa "huko milimani". Alijua mama yake alikuja Washington wakati wa vita, msichana wa kupiga chapa katika ofisi ya serikali, akaolewa, akabaki. Sasa mkono uleule ambao daktari alikuwa amesema usitarajiwe sana ulimshika mkono wa suti na kumvuta karibu.

"Hapa ndipo nilipozaliwa. Hii ni shule. Hapa juu ni makaburi. Babu yako yuko hapo, anautazama mfereji wake. Wakati wa baridi jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima huu kabla hatujatoka shuleni, tukarudi nyumbani na taa."

Ethan alitazama. Kidole chake kikaenda kwenye tofali moja lililokuwa peke yake, juu ya mfereji. "Na hii nyumba ya nani?"

Hata Jelagat alikuwa hajawahi kulipata jibu la swali hilo.

"Ya Tobias," alisema Mama Dorothea hatimaye.

"Tobias ni nani?"

"Mjomba wako."

"Mjomba wangu alikufa."

"Sikusema alikufa. Nilisema hatunaye."

Jelagat aliingia jikoni, kwa sababu kuna mambo ya watu na damu yao. Lakini mlango ulikuwa wa wavu, na masikio hayana kifuniko. Alisikia kwamba baba yao alipofariki aliwaachia watoto wake shamba na fungu lake la maji. Kwamba huko maji huuzwa peke yake, ardhi ikabaki. Na kwamba mwaka wa 1964 Tobias aliyauza kwa jiji moja kubwa lililo nyuma ya milima, bila kumwuliza dada yake. Dorothea alisoma habari hizo gazetini. Hakurudi Ansgar tena, na hakumruhusu mtu kulitaja jina la Tobias mbele yake.

Jelagat alipokuwa anafunga kamba za viatu aende kwake, Ethan alikuja akasimama karibu. Suti ilikuwa imeharibika.

"Ulijua?"

"Nilijua kuna mtu. Sikujua kama yu hai."

Ethan alijipangusa tope la suti. "Ule mkono wake," alisema. "Nimemwona akiokota punje ya changarawe." Kisha akasema, "Kesho uje kama kawaida."

*

Kumtafuta Tobias hakukuwa kazi. Ethan aliulizia nambari za simu za Ansgar, na mwenye jina lile alikuwa mmoja tu. Kazi ilikuwa kumfanya Mama Dorothea aishike simu. Alikataa wiki nzima. Jumamosi, Jelagat akiwa anamsuka nywele zake nyeupe, akanyoosha mkono ghafla na kusema, "Haya, nipe."

Ethan alipiga, akampa. Ikaita mara nyingi. Sauti ya mzee ikaitika.

"Tobias," alisema Mama Dorothea. "Lango la juu liko ukingo gani wa mto, kulia au kushoto?"

Kisha sauti ikalipuka mpaka Jeptoo akaisikia alipokuwa ngazini: "Kushoto!"

"Kulia!"

"Dorothea, nimelifungua lango lile tangu nikiwa na miaka kumi! Ni kushoto!"

Walibishana hivyo mpaka pumzi zikawaishia, na zilipowaishia wakaanza kulia, wote wawili, kila mtu na upande wake wa nchi. Jelagat alimshika bega. Ethan alitoka nje akasimama uani, mikono kiunoni, anatazama milima isiyofika magotini.

Tobias alikuja mwezi wa kumi. Ethan alikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Dulles akakuta mzee mrefu, mkavu, wa miaka sabini na tisa, aliyekataa kubebewa begi. Alipofika nyumbani hakuingia kwanza ndani. Alizungukia nyuma, akavua kofia, akasimama mbele ya bonde lile la udongo muda mrefu.

"Umenijengea nyumba," alisema.

"Nimeiweka mahali ilipo tu," alisema dada yake kutoka kwenye kiti. "Sikukujengea kitu."

Mzee alipiga magoti kwa taabu, akaliokota lango la vijiti, akalihamishia ukingo wa kushoto. Mama Dorothea alifumbua kinywa, akakifumba.

"Nilikosa," alisema Tobias, bado kapiga magoti. "Viazi havikuwa na bei, mke wangu alikuwa anaumwa, na watu wa jiji walikuja na kalamu. Nilipaswa kukuuliza. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utasema nini. Lakini kuna jambo hulijui, Dorothea. Niliuza fungu langu. Lako sikuuza."

"Langu lipi?"

"Baba aliligawa. Theluthi moja iliandikwa jina lako. Nilikupigia simu kukuambia, ukakata. Nikapiga tena, ukakata. Nikaacha kupiga, nikaendelea kufungua lango. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, nalifungua. Sheria ni kwamba maji yasipotumika yanachukuliwa, kwa hiyo nayatumia. Namwagilia uwanda wa chini, na miti ya mama, ile mipopla aliyoipanda."

"Mipopla ipo?"

"Ile iliyo karibu na mfereji ipo. Mingine ilikauka."

Mama Dorothea alitazama juu, ambako mti wa jirani ulikuwa unapukutisha majani ya njano. Jelagat, aliyekuwa kasimama nyuma ya kiti, aliona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Bado nimekukasirikia," alisema mwishowe.

"Najua."

"Miaka yote hiyo nilifikiri mfereji umekufa."

"Haukufa. Umekonda tu."

"Inuka basi, utapata baridi. Jelagat amepika."

Alikuwa amepika mchuzi wa kuku na chapati, na Tobias alikula kama mtu aliyekuja kwa miguu. Katikati ya chakula alimgeukia Jelagat. Dada yake alikuwa amemweleza habari za Marakwet kwenye simu.

"Kwenu mtu akitaka kuuza zamu yake ya maji anafanyaje?"

"Atamuuzia nani?" Jelagat alishangaa. "Ukoo mzima utakuja kumwuliza ana wazimu gani."

Akajuta palepale, akaona amemchoma mgeni mezani. Lakini Tobias aliweka uma chini, akaanza kucheka polepole, na dada yake akacheka, mpaka machozi yakaingia kwenye mchuzi.

Kabla Tobias hajarudi kwake, yeye na Ethan walisawazisha ua kama chama kilivyotaka. Jelagat aliogopa kwamba bibi ataumia akiona milima yake inavunjwa. Mama Dorothea alikaa hapo hapo kitini, anaelekeza nani aanze wapi, na alipoona Jeptoo kanuna juu ya reli yake akamwambia akusanye changarawe zote achukue, ni zake.

"Ule wa kweli unatiririka," alisema. "Huu wa nini tena?"

Siku iliyofuata Ethan alimwita Jelagat. Theluji ikiyeyuka, mwezi wa tano, mama yake anataka akafungue lango. Daktari hakukataa. Je, Jelagat angekubali kufuatana nao? Jelagat alisema atajibu akishaongea na binti yake.

*

Waliongea Jumapili asubuhi, katika chumba chao kidogo cha kupanga, chai ikiwa mezani.

"Mbona hujawahi kuniambia kwetu kukoje?" Jeptoo aliuliza, kwa Kiingereza. "Nimeyasikia yote ukimwambia yeye."

"Hukuniuliza."

"Sikujua kuna la kuuliza."

Jelagat alivuta mkoba wake. Alichukua kadi ya simu, akakwangua namba, akampigia kaka yake Elkanah kule Sibou, ambako ilikuwa alasiri. Akaweka sauti ya juu. Walisalimiana kirefu, watu, mifugo, mvua, mchungaji. Kisha Jeptoo akasogea mbele, akajikohoza.

"Mjomba, shikamoo. Mfereji... mfereji wetu bado uko na maji?"

"Marahaba! Nani huyo anaongea?" Elkanah alishtuka. "Ni Jeptoo? Kumbe una ulimi!"

"Jibu mtoto," alisema Jelagat.

Elkanah alisema mlima uliporomoka kwenye mvua za mwezi wa nne, ukakata mfereji vipande viwili karibu na juu. Maji yakakosekana kabisa, mtama ukaanza kujikunja. Vijana wengi wako mjini, wanaume waliobaki hawakutosha kupandisha mawe. "Kwa hiyo wanawake wakabeba," alisema.

"Wakabeba mpaka wapi?" Jelagat aliuliza.

"Mpaka juu."

"Juu wapi, Elkanah? Mpaka langoni?"

"Mpaka langoni kabisa. Wazee walinuna siku mbili. Halafu wakaona maji yamerudi, wakanyamaza."

Jelagat alisimama, akakaa tena. "Nani alitangulia?"

"Mke wangu. Nani mwingine unayemjua mwenye kichwa kama kile?"

Jelagat alicheka huku kajifunika mdomo kwa kiganja. Alitaka kuuliza pakoje pale juu, maji yanaingiaje, ni magogo au ni mawe, yanapiga kelele au yametulia. Yalimjaa yote kwa pamoja. Alichoweza kusema ni kwamba mwezi wa tano atakwenda kuona lango la watu wengine, huko Colorado, na mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda, atakuja kuona la kwao.

"Utakuja na huyo msemaji?" Elkanah aliuliza.

Jelagat alimtazama binti yake.

"Nakuja," alisema Jeptoo kwenye simu. "Na mwambie shangazi anisubiri. Nataka anipandishe yeye."